Mara nne nimekwama Walawi. Safari hii Walawi ndiyo iliyonifundisha kusoma

#1 MtotoWaRungwe (mleta mada)

Wakuu, shalom. Na wasio wa shalom, salamu zenu pia.

Mimi ni wale watu wa Januari. Mwaka ukianza nanunua daftari jipya, napakua ratiba ya kumaliza Biblia kwa siku 365, naitangazia familia nzima. Mwanzo naipita kama niko kwenye lami: Ibrahimu, Yakobo, Yusufu na ndugu zake. Kutoka nako nusu ya kwanza ni utamu mtupu, mapigo, bahari, farasi wa Farao. Nusu ya pili ndipo gari linapoanza kukohoa. Vipimo vya hema, mapazia, vitanzi vya mapazia, nikijikuta naruka mistari huku nimejipa moyo kwamba nimesoma. Halafu inaingia Walawi, na hapo ndipo huwa nazikwa.

Nimeshapiga hesabu kujua kosa liko wapi. Biblia ya vitabu 66 ina sura 1,189. Ukigawa kwa siku za mwaka unapata sura tatu na kidogo kwa siku. Mwanzo sura 50, Kutoka 40. Maana yake siku ya 28 hivi unabisha hodi Walawi. Mwisho wa Januari! Ada inadaiwa, kodi inadaiwa, mshahara wa Desemba ulishaliwa sikukuu, na wewe umekaa unasomewa habari za figo mbili, mafuta yaliyoshikamana nazo, na kitambi kilicho katika ini. (Kitambi cha zamani hicho, si hiki cha kwetu.) Nimekwama 2019, nikakwama 2021, 2022, na 2024 nilikwama nikiwa na kikundi cha WhatsApp cha watu 14 ambacho baadaye kiligeuka kuwa cha kuchangia harusi.

Mwaka huu nikafika tena Walawi, shingo upande. Nafanya kazi kwenye ghala, zamu za usiku. Saa tisa usiku, chai ya rangi kwenye chupa, malori hayajaingia, nafungua sura ya 11, wanyama wanaoliwa na wasioliwa. Anayeliwa ni yule mwenye kwato zilizopasuliwa na mwenye kucheua. Ngamia anacheua lakini kwato hapana. Wibari anacheua lakini kwato hapana. Nguruwe kwato anazo, kucheua hapana. Cheua, cheua, cheua, ukurasa mzima. Nikasimama kwenye hilo neno.

Nyumbani kwetu Rungwe tulikuwa na ng'ombe mmoja wa maziwa, na zamu ya kumkatia majani ya tembo ilikuwa yangu. Aliyewahi kufuga anajua. Ng'ombe anakula kwa pupa, anavuta na kumeza kama kuna mtu anamfukuza, hatafuni. Akishashiba analala chini, anatulia, na ukimtazama shingoni unaona tonge linapanda, kitu kama ngumi ndogo kinakwea chini ya ngozi. Kikifika mdomoni ndipo anaanza kutafuna kwelikweli, taya linakwenda kando, linarudi, macho nusu yamefumba. Anameza. Kimya kidogo. Tonge jingine linapanda. Mama alikuwa hataki tumsumbue ng'ombe kwa wakati huo. Na akimwona hacheui hata jioni alikuwa anatuma mtu kwa bwana mifugo, kwa sababu ng'ombe asiyecheua anaumwa, hata kama amekula majani ya kujaza gari.

Sasa mama mwenyewe. Aliishia darasa la nne. Alfajiri, kabla ya kukamua, alikuwa anakaa kwenye kigoda karibu na jiko, anasoma Neno la Siku kwenye Kalenda ya kanisa letu la Moravian, mstari mmoja wa Agano la Kale na mmoja wa Agano Jipya, kisha anautafuta kwenye Biblia yake yenye jalada la karatasi ya mfuko wa saruji. Kidole kinatembea chini ya neno, midomo inacheza, sauti ni ya kunong'ona tu. Akimaliza anarudia. Akimaliza anarudia tena. Halafu anafunga, anaondoka, na mchana ukipita karibu naye akimenya ndizi unasikia kipande cha ule mstari kinamtoka, nusu kwa Kinyakyusa, nusu kwa Kiswahili. Nilipofika sekondari nikawa namwonea haya. Nilidhani anasoma hivyo kwa sababu kusoma kunamshinda.

Saa tisa ile ya usiku ghalani nikaelewa kwamba mimi ndiye niliyekuwa nameza majani miaka yote. Mama alikuwa anacheua.

Nimeacha kuhesabu sura. Sasa hivi nasoma aya kumi, kumi na mbili hivi. Mara ya kwanza kwa sauti. Mara ya pili na penseli. Mara ya tatu nafunga kitabu najaribu kusema nilichokumbuka, na nilichosahau kinajionyesha chenyewe. Kisha sentensi moja kwenye daftari, moja tu, hata iwe ya kijinga. Nipo Walawi 19 sasa, na nawaambia sijawahi kuona kitabu kizuri hivi. Kumbe "umpende jirani yako kama nafsi yako" iko humo humo, katikati ya kutovuna pembe za shamba ili maskini aokote, na kutolaza ujira wa kibarua mpaka asubuhi! Miaka minne nilikuwa nafia sura chache kabla ya kufika hapo.

Tatizo ni kwamba Biblia ina aya elfu 31 na ushee. Kwa aya 12 kwa siku ni miaka saba. Mke wangu anasema huu ni uvivu uliovalishwa kanzu. Ninyi mnasomaje? Naomba kuwasilisha.

#2 KigodaChaMbele

Nimekaa. Karanga ninazo.

#3 Mchokozi wa Tabata

Kwa mwendo huo ukifika Ufunuo, Yesu atakuwa ameshafika kabla yako.

#4 Seminari_Nusu

Mleta mada, mama yako alikuwa anasoma Kiebrania bila kujua, na sitanii.

Nilisoma theolojia miaka miwili kabla mambo ya ada hayajanitoa, lakini hili lilinibakia. Zaburi ya 1 inasema heri mtu ambaye sheria ya Bwana "huitafakari mchana na usiku". Sisi tukisikia kutafakari tunaona mtu kashika tama, kanyamaza, anatazama dari. Neno la Kiebrania pale ni haga, na haga ni kitu cha mdomoni: kunong'ona, kunguruma, kulalama kwa sauti ya chini. Fungua Isaya 31:4, simba anayenguruma juu ya mawindo yake, ni neno hilo hilo. Isaya 38:14, Hezekia anaomboleza kama hua, neno hilo hilo. Na ndiyo maana Yoshua 1:8 haisemi kitabu cha torati kisiondoke kichwani mwako, inasema kisiondoke kinywani mwako.

Nenda pia Zaburi ya 2, mstari wa kwanza kabisa: makabila "wanatafakari ubatili". Haga tena. Zaburi mbili zimekaa jirani, mmoja ananong'ona sheria na wengine wananong'ona njama. Ukisoma mbio huwezi kuliona hilo. Watafsiri wa Union Version, ile Biblia ya Kiswahili ya 1952, waliliona, ndiyo maana wameweka tafakari sehemu zote mbili.

Kuhusu ratiba za mwaka, usizilaumu sana. Mojawapo ya zile mashuhuri iliandikwa 1842 na mchungaji kijana wa Dundee, Uskoti, Robert Murray M'Cheyne, kwa ajili ya washarika wake. Sura nne kwa siku, Agano la Kale mara moja kwa mwaka, Agano Jipya na Zaburi mara mbili. Watu wanaisambaza mpaka leo. Kitu wasichosambaza ni kwamba mwenyewe aliweka na onyo pale pale: kwamba ratiba inaweza kuzaa mazoea matupu, kujiona mwenye haki, kusoma kwa uzembe, na kwa wengine kuwa nira nzito isiyobebeka. Alikufa mwaka uliofuata akiwa na miaka 29. Sasa sisi tumechukua jedwali, onyo tumeliacha Uskoti.

#5 Mchokozi wa Tabata

Hiyo Zaburi ya 1 si ndiyo inasema heri asiyeketi "barazani pa wenye mizaha"? Sasa sisi humu tumekaa wapi?

#6 Seminari_Nusu

Wewe ndiye mwenye baraza, sisi wapita njia.

#7 Mwanajumuiya

Tumsifu Yesu Kristo. Niingie kwa upande wa Wakatoliki maana huwa tunasemwa hatusomi Biblia.

Sisi hatuchagui, tunachaguliwa. Kila siku ina masomo yake kwenye kalenda ya liturujia. Ya Dominika yanazunguka miaka mitatu, A ni Matayo, B ni Marko, C ni Luka, na Yohane anaingia sana Kwaresima na Pasaka, tena anamsaidia Marko mwaka wa B kwa sababu Marko ni mfupi. Siku za kawaida somo la kwanza lina mzunguko wa miaka miwili. Faida yake ni hii: siku nisiyotaka kusikia habari ya kusamehe, ndiyo siku ninayokutana nayo, na siwezi kugeuza ukurasa. Mtu anayejichagulia aya kila asubuhi baada ya mwaka mmoja atajikuta anasoma aya 40 zilezile zinazompenda.

Na hilo la kucheua, mleta mada, usidhani umelivumbua wewe na ng'ombe wenu. Wamonaki wa zamani walitumia neno hilo hilo kwa Kilatini, ruminatio. Karne ya 12 Guigo wa Pili, mkuu wa watawa wa Chartreuse kule Ufaransa, aliweka ngazi yake ya hatua nne: kusoma, kutafakari, kusali, kutulia mbele ya Mungu. Akaeleza kwa mfano wa kula: kusoma ni kuweka tonge mdomoni, kutafakari ni kutafuna, sala ndiyo inayotoa ladha, na hatua ya nne ni ule utamu wenyewe. Padre wetu aliwahi kutufundisha jumuiyani kwa kutupa kila mtu kipande cha muwa. Tulicheka, lakini hakuna aliyesahau.

#8 Binti Sayuni

Kuna mtu aseme kuhusu Yeremia 29:11 maana mimi nimechoka. Kila asubuhi nikifungua status, "nayajua mawazo ninayowawazia ninyi", chini picha ya machweo, juu yake picha ya gari. Jamani hiyo ni barua! Imeandikwa kwa mateka walioko Babeli. Soma mstari wa 10, mmoja tu juu yake: miaka 70. Yaani wengi waliosomewa ile barua kwa mara ya kwanza walikuwa watazikwa hukohuko kabla haijatimia. Mstari wa 5 wanaambiwa jengeni nyumba, pandeni bustani, kwa sababu hamtoki leo. Na sura ya 28 kuna nabii anaitwa Hanania alikuwa anawaambia miaka miwili tu mambo yataisha, watu wakampenda. Huyo ndiye wa kuwekwa status kwa jinsi tunavyotaka mambo.

Mimi nilipoisoma yote nilikuwa mwaka wa tatu natafuta kazi. Haikunipa kazi. Ila nilianza kulima mchicha nyuma ya nyumba, kwa mstari wa 5, na bado nauza.

#9 MtotoWaRungwe (mleta mada)

Binti Sayuni hapo umenigusa. Mchicha kwa mstari wa 5, hiyo naiandika.

#10 Mjukuu wa Shosho

Mimi niko Murang'a, Kenya, wacha niseme langu. Shosho yangu, yaani bibi, alikuwa wa wale ndugu wa Uamsho, ule moto uliotoka Gahini kule Rwanda na kupitia Uganda miaka ya 1930. Ushirika wao ulikuwa hivi: wanasoma kifungu kifupi, kisha hakuna mtu anahubiri. Kila mtu anasema hilo neno limemshika wapi. Na si kwa ujumla ujumla, ni kwa jina: "Nilimwibia fulani mahindi, nimeyarudisha jana." Halafu wanaimba Tukutendereza, wimbo wa Kiganda, na pale nyumbani hakuna mtu hata mmoja anajua Kiganda. Walipenda sana 1 Yohana 1:7, kutembea katika nuru. Kwa shosho kutafakari bila kwenda kuomba mtu msamaha ilikuwa ni kama kuandaa shamba na kukosa kupanda.

Sisi watoto tulikuwa tunaogopa siku za ushirika kwa sababu siri zote za kijiji zilikuwa zinatoka!

#11 Mpita Njia 77

Nyote mnasoma, mnacheua, mnanong'ona. Jirani yangu anaamka saa kumi anasoma kwa sauti mpaka ukuta unatikisika, saa mbili asubuhi anamtukana msichana wa kazi kwa sababu ya yai. Mimi nimeacha mambo hayo, na simtukani mtu.

#12 Seminari_Nusu

Mpita Njia, huyo jirani Yakobo alishamwandika, 1:23, mtu anajitazama kwenye kioo, anaondoka, anasahau mara moja alivyo. Sina la kumtetea.

#13 Mwanajumuiya

Ila saa kumi kwa sauti ya kutikisa ukuta hiyo si haga, ni kero.

#14 Sabato Njema

Kwetu Waadventista tuna Kesha la Asubuhi, kitabu cha ibada ya kila siku, na lesoni, kitabu cha somo la wiki nzima, Jumapili mpaka Ijumaa unajiandaa, Sabato mnajadili kwa pamoja. Nidhamu hiyo nimeikuta tangu utoto na naishukuru. Nina malalamiko moja tu, na nayasema nikiwa ndani ya nyumba. Tumefika mahali tunasoma maelezo, aya yenyewe tunaipita. Kitabu kimeandika "soma Warumi 8:1-11" tunatazama ile nukta mbili, tunasema "naijua hii", tunaruka kwenda kwenye hadithi ya mzungu na treni. Siku moja mwalimu wa darasa letu alikuja bila lesoni, akasema leo ni Warumi 8 peke yake, msome wote kwa zamu. Kimya kilichofuata! Tulikuwa hatujazoea kukaa na maandiko bila mtu wa kutusindikiza.

#15 Mchokozi wa Tabata

Mleta mada hujatuambia, hilo Neno la Siku la Kalenda linachaguliwa na nani? Nimesikia ni bahati nasibu. Ni kweli?

#16 MtotoWaRungwe (mleta mada)

Mchokozi leo umeuliza swali la maana, nikujibu vizuri maana nilikua nayo.

Ni kura, ndiyo. Asili yake ni Herrnhut, Ujerumani ya mashariki, kijiji cha wakimbizi wa dini kutoka Moravia waliopokelewa kwenye ardhi ya Zinzendorf, kabaila wa Kijerumani. Tarehe 3 Mei 1728, kwenye ibada ya jioni ya nyimbo, Zinzendorf aliwapa neno la kwenda nalo kesho yake. Ikawa desturi, ndugu wanapita nyumba kwa nyumba asubuhi wanapeleka neno la siku, na huko huko wanajua nani anaumwa. Kitabu kilichochapwa kilianza na mwaka 1731, na hakijakatika mpaka leo, pamoja na vita zote. Mistari zaidi ya 1,800 ya Agano la Kale iko kwenye chombo, wanaokota mmoja mmoja kwa kila siku, miaka mitatu kabla. Ule wa Agano Jipya haupigiwi kura, mtu anakaa anatafuta mstari wa kuuitikia wa kwanza. Wamisionari wao walipofika Rungwe 1891 walikuja na mazoea hayo, na mwisho wake yakafika kwenye kigoda cha mama yangu.

Na kabla hujacheka, Mithali 16:33: "Kura hutupwa katika mikunjo ya nguo, lakini hukumu zake zote ni za Bwana."

#17 Mchokozi wa Tabata

Umenifunga goli na mpira nilioleta mwenyewe.

#18 Mwana wa Unguja

Mimi Muislamu, nimepita tu nikavutiwa na mazungumzo. Kwetu Msahafu umegawiwa juzuu 30, mtu akitaka anahitimu kwa mwezi, na Ramadhani wengi ndivyo wafanyavyo. Lakini chuoni maalim alikuwa hakubali usome kimya. Ukinyamaza anakwambia, "Unamsomea nani huyo asiyesikia?" Kusoma ni sauti. Kwa hivyo huyo bi mkubwa wa Rungwe, kwa maalim wangu angepita bila bakora.

#19 Kasisi wa Zamani Muheza

Ndugu wa Unguja umenikumbusha. Sisi Waanglikana tuna jambo linalofanana na hilo: kwenye Kitabu cha Sala Zaburi zote 150 zimegawiwa siku 30, asubuhi na jioni. Tarehe yenyewe inakwambia usome nini. Siku ya 15 jioni ni Zaburi ya 78 peke yake, na wazee wetu wa kwaya walikuwa wakiona tarehe 15 inakaribia wanaanza kukohoa mapema. Nimezisoma hivyo zaidi ya miaka 40. Zaburi za laana nazo zina siku yake, na kuna miezi nilizisoma nikiwa sina neno lingine la kumwambia Mungu.

#20 Mama Mapacha

Naomba niulize kwa niaba ya wenye maisha ya kawaida. Alfajiri ni ya nani? Mimi naamka saa kumi na moja, mapacha wana miaka miwili, mmoja akilala mwingine anaamka kama wamepangiana zamu. Nilipo mimi hakuna kigoda wala kimya. Nasikiliza Biblia ya sauti kwenye simu nikiwa kwenye daladala, sikio moja, maana lingine la kusikia kondakta anataja kituo. Hiyo inahesabika?

#21 Seminari_Nusu

Mama Mapacha, fungua Matendo 8:30. Yule towashi wa Kushi yuko safarini, kwenye gari linalotembea, anasoma Isaya. Filipo alijuaje anasoma Isaya? Maandiko yanasema "akamsikia". Alikuwa anasoma kwa sauti barabarani! Na Filipo akapanda, wakaendelea humo humo. Daladala la kwanza lenye somo.

Isitoshe, watu wengi waliopokea barua za Paulo hawakujua kusoma. Walisomewa, mara moja, wamekaa sakafuni, na watoto wakilia. Barua zile ziliandikwa kwa ajili ya sikio lako hilo moja.

#22 Mama Mapacha

Asante. Nimelia kidogo kituo cha Buguruni, watu wakadhani nimeibiwa.

#23 MtotoWaRungwe (mleta mada)

Nimempigia mama jana, nikamwambia kuna watu wengi mtandaoni wanamjadili. Akauliza wanadai nini. Nikamweleza habari ya kucheua, na haga, na wamonaki. Akasikiliza yote, akasema, "Mwanangu, mimi nilikuwa narudia kwa sababu miwani sikuwa nayo, herufi zilikuwa zinacheza." Kisha akanyamaza. Kisha akasema, "Lakini hata na miwani uliyoninunulia bado narudia." Akanisomea Neno la Siku kwenye simu, mara tatu, mimi nimesimama nje ya geti la ghala na kofia ya kazi mkononi.

Sasa natoa pendekezo. Tuchague kitu kifupi tukisome wote usiku wa leo, kwa sauti, mara tatu, kesho kila mtu aje na sentensi moja. Nasema Filemoni. Aya 25, sura moja, hata Mama Mapacha anaimaliza kabla ya kituo. Mnajua habari yake: Onesimo ni mtumwa aliyemtoroka bwana wake, kakutana na Paulo kifungoni, na Paulo anamrudisha akiwa na barua mkononi. Jina lake maana yake ni "wa kufaa", na Paulo anafanya mzaha nalo kwenye mstari wa 11: zamani hakufai, sasa akufaa. Msiseme mzaha hauruhusiwi barazani.

#24 KigodaChaMbele

Karanga zimeisha. Nipo, Filemoni.

#25 Binti Sayuni

Nipo.

#26 Mpita Njia 77

Mimi nimesema nimeacha. Ila aya 25 siyo mzigo. Nipo kama mtazamaji.

#27 Mjukuu wa Shosho

Sentensi yangu: Paulo anasema angeweza kuamuru, lakini anaomba. Nimefikiria vile huwa naongea na kijana wangu wa kidato cha pili. Basi, sitasema zaidi, hapa si ushirika wa shosho.

#28 Mama Mapacha

Yangu: kuna mwanamke katika salamu za mwanzo, Afia, na kanisa lililokuwa nyumbani mwa Filemoni. Nani alikuwa anafagia wakiondoka?

#29 Mangi wa Kona

Wakuu mimi huwa nasoma nyuzi tu, sichangii, leo nimejisajili kwa ajili ya hii.

Nina duka. Jana usiku baada ya kufunga nilikaa pale pale kaunta nikasoma Filemoni kama mleta mada alivyoelekeza. Kiwiko changu kilikuwa kimeegemea daftari la madeni. Nikafika mstari wa 18 na 19, pale Paulo anaposema kama huyu unamdai kitu, kiandike kwangu, halafu anasema naandika kwa mkono wangu mwenyewe, mimi nitalipa. Nimesikia kitabu hiki kikisomwa kanisani tangu mdogo, siku zote nilidhani pale Paulo anahubiri. Kumbe hahubiri. Anaweka sahihi! Mimi najua maneno yale, nayasikia kila mwisho wa mwezi: "Mangi, andika kwangu." Isipokuwa wanaoniambia hivyo wanasema kwa madeni yao wenyewe, hajawahi kuja mtu akasema andika kwangu deni la fulani.

Kuna mama mmoja ukurasa wa katikati. Unga kilo mbili, sabuni kipande, mafuta ya kupima, unga tena, unga tena. Jumla 23,400. Mumewe amelazwa tangu mwezi uliopita na amekuwa anapita njia ya nyuma asinione.

Sijalifuta, nisiwadanganye. Na mimi nina watoto. Nilisoma mara ya pili, mara ya tatu, nikazima taa nikalala. Leo asubuhi napima mchele, kumbe mdomo bado unatembea, "mimi nitalipa, mimi nitalipa", mpaka mteja akaacha kuhesabu chenji yake akanitazama. "Mangi," ananiuliza, "kwani na wewe unadaiwa na nani?"